Siri ya Mtu ni Amana: Kampuni Ikiivujisha, Mwenye Kudhulumiwa Ashike Njia Gani?



Mwezi huu nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo wazee wetu hawakulijua kwa sura yake ya leo, walakin walilijua vyema kwa asili yake. Jambo lenyewe ni amana ya siri. Zamani siri ya mtu ilikaa katika kifua cha rafiki yake, au katika daftari la mwenye duka aliyemkopesha unga na sukari. Leo siri zetu zimo mikononi mwa makampuni. Wanayo majina yetu, namba za vitambulisho vyetu, alama za vidole vyetu, namba za simu za jamaa zetu, na hesabu ya fedha tunazotuma na kupokea. Na siri hizo zikitoka nje, ama kwa uzembe ama kwa kusudi, anayefedheheka ni mimi na wewe.

Nitaanza kwa kisa kilichotokea katika chuo changu, hapa karibu na Kariakoo. Mwenye kisa amenipa ruhusa nikieleze, kwa sharti nisimtaje jina wala nisiitaje kampuni.

Usiku mmoja, baada ya sala ya Isha, simu yangu ilipokea ujumbe kutoka namba nisiyoijua. Ujumbe ulimtaja kwa majina yake matatu mama wa mwanafunzi wangu mmoja, ukamwita tapeli na mwizi, ukaniambia mimi, niliye mdhamini wake, nimlazimishe alipe deni. Nilistaajabu, kwani sikumdhamini mtu yeyote. Nikaufuta ujumbe ule nikalala. Sikujua kuwa nilikuwa nafuta ushahidi.

Baada ya hapo mtoto hakuonekana chuoni. Wiki ya kwanza nikadhani ni mgonjwa. Wiki ya tatu nikaenda na mke wangu hadi Mtaa wa Kongo, ambako mama yule anauza madera juu ya meza. Alipotuona akainamisha macho.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba, mwanangu. Mbona mtoto simwoni chuoni?"

"Maalim, ningekuja kwa uso gani? Ujumbe ule haukukufikia wewe peke yako. Umemfikia baba mkwe wangu kule Rufiji, umemfikia mwenye nyumba, umewafikia wateja wangu wanaonunua kwa jumla. Nimefedheheka."

Akatueleza yaliyompata. Alihitaji fedha za kuongeza mzigo kabla ya Sikukuu. Akaweka katika simu yake programu moja ya mikopo. Programu ile ilipoingia iliomba ruhusa ya kuona namba zote zilizomo katika simu, naye akabonyeza kukubali bila ya kusoma. Aliomba shilingi 150,000, akapokea 110,000, na akatakiwa kurudisha 150,000 kamili baada ya siku saba. Siku ya nane biashara ilikuwa mbaya, hakuwa na kitu. Siku ya tisa ujumbe ukaanza kuruka.

Nikamwuliza, "Umekwenda kushitaki?"

Akanijibu maneno ambayo ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu: "Nishitaki nini, Maalim, na mimi mwenyewe nimekula riba? Hii ndiyo adhabu yangu, nisubiri tu."

DHAMBI MOJA HAIHALALISHI NYINGINE

Ndugu zangu, sitaki mtu adhani kuwa napunguza uzito wa riba. Riba ni haramu, kwa anayetoa na kwa anayechukua, na aliyetumbukia humo hana budi kutubia kwa Mola wake na kuazimia asirejee. Hilo ni baina yake na Mwenyezi Mungu. Lakini dhulma aliyotendewa mama yule ni jambo la pili, na lina hesabu yake.

Tupige mfano. Mtu akiwa na deni lako la haki kabisa, lisilo na riba hata chembe, je, yakufalia kuvunja mlango wake usiku, ukaingia chumbani mwake, ukawatolea nje watu wake? Hapana. Deni halimpi mdai ufunguo wa nyumba ya mdaiwa. Katika Suratun-Nur, aya ya 27, tumekatazwa kuingia nyumba zisizo zetu mpaka tupate idhini na tuwatolee salamu waliomo. Na simu ya leo ni nyumba: ndani yake mna wake, mna watoto, mna wazazi, mna siri za ugonjwa na za ndoa.

Dini yetu haikumsahau mdai. Katika Suratul-Baqara, aya ya 282, ambayo ndiyo aya ndefu kupita zote katika Kurani, tumeamrishwa deni liandikwe na mashahidi waitwe. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, amefundisha kuwa mwenye uwezo akichelewesha kulipa amedhulumu. Kwa hiyo mdai ana haki ya kudai, na ana haki ya kwenda mahakamani. Walakin aya ya 280 ya sura hiyo hiyo yamwamuru ampe muhula aliyekwama. Mahali gani basi pameandikwa kuwa baba mkwe wa mdaiwa, mwalimu wa mtoto wake na wanunuzi wa bidhaa zake wapelekewe matusi? Hapana mahali.

Na hiyo subira aliyoitaja mama yule, wengi twaifahamu vibaya. Kusubiri ni kutotoka katika mipaka ya Mwenyezi Mungu wakati wa shida. Si kufunga mdomo mbele ya dhalimu. Suratun-Nisaa, aya ya 148, yaeleza kuwa Mwenyezi Mungu hapendi maneno mabaya yatangazwe, kisha yamtoa katika katazo hilo yule aliyedhulumiwa. Mwenye kudhulumiwa ana ruhusa ya kusema. Basi na aseme, lakini aseme mahali panapomsikiliza.

SHERIA YA NCHI YASEMAJE?

Huenda msomaji akauliza: mahali penyewe pako wapi? Jambo la furaha ni kuwa pako, ingawa wengi wetu hatupajui.

Katiba ya Jamhuri ya Muungano, katika ibara ya 16, yaweka haki ya kila mtu kuhifadhiwa nafsi yake na maisha yake ya faragha. Kwa miaka mingi haki hiyo haikuwa na sheria yake maalumu. Mwaka 2022 Bunge lilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, namba 11 ya mwaka huo, nayo ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Chini ya sheria hiyo imeundwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ambayo Rais Samia Suluhu Hassan aliizindua hapa Dar es Salaam tarehe 3 Aprili 2024.

Sheria hii yasema nini kwa lugha nyepesi? Yasema kwamba anayekusanya habari zako lazima awe na sababu ya halali, na akwambie sababu hiyo. Asichukue zaidi ya anachohitaji. Asizitumie kwa kazi nyingine uliyokuwa hukuijua. Azihifadhi kwa usalama, na hifadhi ikivunjwa zikatoka, aijulishe Tume bila ya kukawia. Wewe nawe una haki ya kumwuliza ana habari gani juu yako, haki ya kumzuia asizitumie kwa namna itakayokudhuru, haki ya kumtaka asahihishe yaliyo makosa na afute yasiyostahili kuwako, na haki ya kudai fidia ukipata madhara kwa sababu ya uvunjaji wa sheria.

Tena sheria ina meno. Mtu afichuaye habari za wenziwe kinyume cha sheria aweza kutozwa faini hadi shilingi milioni 20, au kufungwa kwa muda usiozidi miaka 10, au vyote viwili. Ikiwa mkosaji ni kampuni, faini yaweza kufika shilingi bilioni 5.

Na juu ya wakopeshaji wa simuni hasa, Benki Kuu ya Tanzania mwezi Novemba 2024 ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha watu bila ya leseni. Basi kabla ya kulalamika, na kwa yakini kabla ya kukopa, yafaa kuuliza kama mkopeshaji anatambuliwa na Benki Kuu.

JIRANI ZETU WALIVYOFANYA

Asije mtu akasema, "Haya ni maneno ya makaratasi tu." Tuwatazame jirani zetu wa Kenya. Wao walitunga sheria yao mwaka 2019 na wakaweka Kamishna wa Ulinzi wa Data. Mwezi Septemba 2023 Kamishna huyo aliitoza kampuni ya Mulla Pride, iliyokuwa na programu za mikopo za KeCredit na Faircash, faini ya shilingi za Kenya 2,975,000. Kosa lake lilikuwa ni lile lile lililompata mama yetu wa Mtaa wa Kongo: kutumia majina na namba walizozipata kwa watu wengine, na kupeleka simu na ujumbe wa vitisho. Kesi ile haikuanzishwa na matajiri wala mawakili wakubwa. Ilianza kwa malalamiko ya watu wa kawaida waliosumbuliwa.

NJIA YA KUFUATA, HATUA KWA HATUA

Sasa nitaeleza utaratibu, nikitumaini kuwa vijana watawasomea wazazi wao.

Kwanza, hifadhi ushahidi. Usifute ujumbe kama nilivyofuta mimi. Upige picha kama unavyoonekana juu ya kioo cha simu, pamoja na namba iliyoutuma, tarehe na saa. Waombe wote waliopokea ujumbe ule wafanye vivyo hivyo. Andika katika daftari: siku gani ulikopa au ulijiandikisha, ulipokea kiasi gani, ulilipa kiasi gani, nani alipigiwa simu, na umepata hasara gani. Mteja akikataa kukukopesha bidhaa kwa sababu ya ujumbe ule, andika jina lake na mzigo ulioukosa.

Pili, iandikie kampuni yenyewe. Waulize: mna habari gani juu yangu, mmezipata wapi, mmempa nani? Wadai waache kuzitumia na wazifute zile wasizostahili kuwa nazo. Andika kwa adabu, bila ya matusi, na ubaki na nakala. Wakinyamaza, huko kunyamaza kwao ni ushahidi mwingine.

Tatu, peleka malalamiko kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Eleza kwa maandishi wewe ni nani, unamlalamikia nani, amefanya nini, na unataka nini: afute, aache, au akulipe. Ambatisha ushahidi wako. Sheria imeipa Tume siku 90 za kuchunguza na kuamua, nayo yaweza kuongeza muda usiozidi siku 90 nyingine. Tume yaweza kumwamuru mkosaji arekebishe, yaweza kumtoza faini, na yaweza kuamuru ulipwe fidia. Asiyeridhika na uamuzi wa Tume ana njia ya kukata rufani Mahakama Kuu.

Nne, ikiwa pana vitisho au matusi, nenda polisi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 imekataza kumpelekea mtu ujumbe kwa nia ya kumtisha, kumsumbua au kumtia dhiki ya moyo. Hili ni kosa la jinai, na kulipeleka polisi hakukuzuii kwenda kwa Tume.

Tano, ikiwa mkosaji ni mkopeshaji, wajulishe Benki Kuu. Na ukihofu kuwa habari zako zimewafikia matapeli, wale wa "ile hela tuma kwa namba hii," bonyeza *106# uone ni namba ngapi za simu zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukiona namba usiyoijua, nenda kwa kampuni ya simu uikane upesi. Namba inayokuletea ujumbe wa kitapeli itume kwenda 15040, ambayo Mamlaka ya Mawasiliano imeiweka kwa kazi hiyo.

Sita, asiye na uwezo wa wakili asikate tamaa. Pana Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na viko vyama vinavyosaidia bila ya malipo, kama vile Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, na kwa kina mama, Chama cha Wanasheria Wanawake Tanzania.

FIDIA SI EMBE LA KUOKOTA

Hapa yanipasa niseme kweli, wasomaji wangu msije mkanilaumu. Asiende mtu kwa Tume akidhani atarudi na gunia la fedha.

Huko Marekani, mwaka 2017, kampuni ya Equifax, inayohifadhi habari za madeni ya watu, iliibiwa habari za watu wapatao milioni 147. Mwaka 2019 ilikubali kulipa mpaka dola milioni 700 ili kumaliza mashauri. Ni fedha nyingi mno kwa kuzitaja. Lakini walioomba walikuwa wengi hata walio wengi katika wale waliotaka fedha taslimu wakapata chini sana ya zile dola 125 walizozitarajia. Na huko Uingereza, mwezi Novemba 2021, Mahakama ya Juu ilikataa shauri lililofunguliwa dhidi ya Google kwa niaba ya watu zaidi ya milioni nne kwa pamoja. Mahakama ilisema haitoshi kuonyesha kuwa sheria imevunjwa. Lazima ionekane kila mmoja amedhurika vipi.

Funzo gani tunapata? Kwamba mwenye daftari hushinda mwenye machozi. Yule aliyeandika hasara yake, siku kwa siku, ndiye atakayesikilizwa. Tena fidia si fedha peke yake. Kufutwa kwa namba za jamaa zako katika hazina ya kampuni, na kuamriwa kwa kampuni iache, hayo nayo ni haki, na pengine ni makubwa kuliko fedha.

NA SISI TUJITAZAME

Sisi wakazi wa Ilala twalitaja neno amana kila siku kwa sababu ya hospitali yetu. Twasema, "Nakwenda Amana," "Kalazwa Amana," bila ya kufikiri maana yake. Katika Suratun-Nisaa, aya ya 58, tumeamrishwa kuzirudisha amana kwa wenyewe, na wanavyuoni hawakusema kuwa amana ni fedha na dhahabu tu. Mtume, rehema na amani zimshukie, ametufundisha kuwa mtu akikusimulia jambo kisha akageuka kutazama kushoto na kulia, basi maneno yake ni amana kwako.

Nami nakiri makosa yangu. Nilipokuwa nimekaa na mama yule, nikimweleza dhulma ya kampuni, moyo wangu ulinisuta. Mwaka uliopita mimi mwenyewe niliandika majina ya watoto ambao wazazi wao hawajalipa ada ya chuo, nikayatia katika kundi la simu la wazazi, kila mtu akayasoma. Nilidhani nahimiza. Kumbe nilifanya yale yale, ila kwa kiasi kidogo na kwa jina la dini. Kule Kenya, katika hukumu za mwezi ule ule wa Septemba 2023, shule moja ilitozwa shilingi za Kenya 4,550,000 kwa kutoa picha za watoto bila ya idhini ya wazazi wao. Basi walimu wenzangu, viongozi wa misikiti, wenye maduka na vikoba, na sisi pia tunakusanya majina na namba. Sheria inatuhusu, na Kiyama kinatuhusu zaidi. Nimewaomba radhi wazazi wale mmoja mmoja, na sasa daftari la ada nimelifungia kabatini.

Na wewe kijana, kabla hujabonyeza kukubali, soma kwanza unakubali nini. Programu ya kukopesha fedha ina haja gani na namba ya bibi yako? Namba zile si zako peke yako uzigawe. Kila moja ni amana ya mwenyewe aliyekupa.

Ama mama yetu wa Mtaa wa Kongo, tuliketi naye jioni tatu, mke wangu, yeye na mimi, tukaandika malalamiko kwa Kiswahili safi. Shemeji yake alikuwa hakufuta ujumbe, na mnunuzi wake mmoja wa jumla alikubali kuandika kuwa alivunja biashara kwa sababu yake. Deni la asili amelilipa kidogo kidogo, kwa msaada wa ndugu zake, bila ya kukopa pengine. Malalamiko yamekwisha pelekwa, na uamuzi bado haujatoka. Tutangoja zile siku 90 na nyingine zikiongezwa.

Lakini Jumamosi iliyofuata mtoto alirejea chuoni. Alikaa mahali pake pa zamani, akafungua msahafu wake, akaanza pale alipokuwa ameachia. Hakuna mwenzake aliyemwuliza neno, kwa kuwa nilikwisha wakanya.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wenye kuhifadhi siri za wenzetu, azisitiri aibu zetu duniani na akhera, na awape waliodhulumiwa ulimi wa kusema na mahali pa kusikilizwa. Amin.